Kipuri na sehemu: tofauti ya matumizi

Kipuri (wingi: vipuri) ni kifaa cha akiba cha kubadilishia kilichochakaa au kuharibika. Katika mazungumzo huitwa pia spea. Sehemu ina maana pana zaidi: panga lililofungwa kwenye helikopta ni sehemu yake; lililohifadhiwa ghalani ni kipuri.

Tuchukue Lynx, helikopta ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1971 na kuhudumu kwenye manowari za nchi hiyo hadi 2017. Mapanga yake makuu manne yaliweza kukunjwa ili iingie katika banda finyu la melini. Orodha ya shehena ikisema “sehemu” badala ya “vipuri”, fundi hatajua kama anayo akiba. Naye akiwa baharini, hana duka la jirani.