Kwenda Kujenga Nyumba Zilizoanguka

Katika nchi ya Wasukuma, tangu Shinyanga hata Geita kwenye machimbo ya dhahabu, mvua hungojewa kwa hamu. Bila mvua hakuna mahindi, wala pamba, wala majani ya ng'ombe. Lakini usiku wa tarehe 3 Machi, 2015, mvua ilileta msiba katika kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama. Upepo ulivuma kwa nguvu, na mvua kubwa ya mawe ikaanguka. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengine wengi waliumia. Nyumba nyingi zilibomoka, mazao yakapondwa mashambani, na mifugo ikafa.

Je, mawe hayo hutoka wapi? Si mawe ya ardhini, bali ni barafu. Jua likichoma sana, hewa ya joto yenye mvuke hupanda juu kwa kasi. Huko juu sana baridi ni kali, hata katika nchi ya joto, na matone ya maji huganda yakawa punje za barafu. Punje zikitaka kuanguka, hewa inayopanda huzizuia na kuzirusha tena. Maji mapya hushika juu yake, nayo huganda. Hivyo jiwe hukua, ngozi juu ya ngozi, kama kitunguu. Mwisho huwa zito, hewa haiwezi kulichukua tena, nalo huanguka.

Lakini wengi wa wale waliokufa Mwakata hawakuuawa na barafu yenyewe. Waliangukiwa na kuta za nyumba zao. Nyumba nyingi za vijijini hujengwa kwa matofali mabichi, yaani udongo uliokaushwa juani tu. Ukuta wa namna hiyo una nguvu maadamu ni mkavu. Ukilowa maji kutoka chini, au upepo ukiezua paa na mvua ikaingia juu, udongo hurudi kuwa matope, na ukuta huporomoka. Basi mtu aliyekimbilia ndani ili ajiokoe, alikutwa na hatari humo humo.

Baada ya msiba ule watu walipeleka chakula, nguo na mablanketi, na Rais Jakaya Kikwete alifika mwenyewe kuwapa pole wafiwa. Msaada huo ni mwema, lakini chakula huliwa kikaisha. Nyumba haisimami ila kwa mikono ya watu wengi. Jambo hili Wasukuma walilijua tangu zamani. Vijana wa kijiji walikuwa na mkuu wao, aliyeitwa nsumba ntale. Mtu akiwa na kazi iliyomshinda, mkuu huyo aliwakusanya vijana, wakaifanya kwa pamoja.

Kikundi cha kanisa kinachosafiri kwenda kuwajengea watu waliopatwa na msiba hufuata njia ile ile, ila hutoka mbali zaidi. Kikundi cha Geita, kwa mfano, huweza kwenda Kahama kwa kupitia Bulyanhulu, penye mgodi mkubwa wa dhahabu. Mahali pengine pana udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa mvua hunata kama gundi, na gari lenye mzigo huzama kwa urahisi. Kwa hiyo wenye busara huchukua majembe, sepetu na kamba. Tena huchukua chakula chao wenyewe na mahali pa kulala. Mgeni aliyekuja kusaidia, kisha akala unga wa wafiwa, ameongeza mzigo wao.

Wakifika, jambo la kwanza ni kuwapa pole wenyeji. La pili ni kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa maana yeye na wazee ndio wanaojua nani aanze kujengewa: mjane, mzee asiye na mtoto, au mgonjwa. Mwenye nyumba naye huulizwa anavyotaka, kwa kuwa ndiye atakayekaa humo wageni wakiisha kurudi kwao.

Ndipo kazi huanza, nayo yataka fundi mwashi, si nguvu tu. Msingi huchimbwa mpaka kwenye ardhi ngumu, kwa maana udongo wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ndani yake hupangwa mawe, na msingi huinuliwa juu ya ardhi ili maji yasiuguse ukuta. Matofali yaliyochomwa katika tanuu ni bora kuliko mabichi, kwa kuwa hayayeyuki. Fundi hupima ukuta kwa timazi, usiegemee upande. Miti ya paa hufungwa kwa waya mpaka ndani ya ukuta, ili upepo usiiezue, na paa hutokezwa nje ili maji yadondoke mbali.

Lakini kuchoma matofali hula kuni nyingi, na Shinyanga ilikwisha pungukiwa na miti. Ndiyo sababu mwaka 1986 ilianzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wakahimizwa kuotesha miti na kutunza ngitili, yaani malisho yaliyofungwa ili majani na miti imee tena. Basi wajengao wapande miti pia. Itarudisha kuni zilizochomwa, na ikikua itaupunguza upepo kabla haujafika nyumbani.

Wahenga walisema, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Mwakata ulijengwa ukuta baada ya kilio. Lakini mtu aliyesaidia kuchimba msingi mmoja ulio imara hurudi kwao na maarifa, na nyumba ya kwanza ya kuitazama ufa wake ni ile anayolala mama yake.