Akajanja, Wazimu na Suala la Urithi katika Buhaya

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, iliyokuwa Wilaya ya Bukoba na sasa imo Muleba, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Mwalimu hata mmoja hakupatwa. Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, walieleza kwamba vipimo vya maabara havikuonyesha chanzo, na kwamba wenyeji waliuita ugonjwa huo akajanja, yaani wazimu.

Neno hilo lina utata. Kicheko cha Kashasha kilipita baina ya watu walioonana, kisha kikaisha. Skizofrenia, ambayo nayo huitwa wazimu, haiambukizi hata wanaolala chumba kimoja. Hufuata zaidi nasaba. Hapo Kiswahili huleta utata wa pili, kwa kusema kuwa ugonjwa huu "hurithiwa". Katika Buhaya kinachorithiwa ni kibanja: kina mipaka, na mrithi hukikuta pale pale kilipoachwa. Skizofrenia haipokewi hivyo. Kinachomfikia mtoto ni uelekeo tu, uliotawanyika katika jeni nyingi, ambazo aghalabu kila moja huongeza kidogo mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulibainisha sehemu 287 za vinasaba zinazohusika, ingawa wengi wa waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Mojawapo ya jeni zinazofahamika zaidi ni C4, iliyoelezwa mwaka 2016. Protini yake ni ya kinga ya mwili, lakini katika ubongo hushiriki kupogoa viunganisho vya seli za neva. Ikizidi, yaelekea upogoaji nao huzidi. Mkulima wa kahawa ataelewa upesi: mbuni hupogolewa ili uzae, lakini ukikatwa kupita kiasi haubaki na tawi la kuzalia.

Mtoto wa mzazi mmoja mwenye skizofrenia ana uwezekano wa kuugua wa takriban 1 kati ya 10. Kwa watu wote ni karibu 1 kati ya 100. Hata kwa pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Basi wazee wanaouliza kabla ya posa kama ukoo fulani "una wazimu" wanauliza jambo la kukadiriwa, na lugha inawapa jibu la ndiyo au la. Posa huvunjika kwa jibu hilo. Istilahi "uelekeo wa kinasaba" ni ndefu, na bado haijazoeleka vijijini, lakini ingemfaa tabibu mbele ya familia kuliko "ugonjwa wa kurithi".