Jua la Baraka lisage mihogo yetu

Ndugu wamemba, mashini nyingi za kusaga huku Fizi zinakula mazutu. Mvua ikiharibu barabara ya Uvira, bei inapanda na faida ya unga inaishia ndani ya bidoni. Jua halipandi bei, wala halitoi moshi. Paneli nzuri hufanya kazi miaka 20 na zaidi.

Lakini tusidanganyane: kuzinunua ni ghali, na betri za risasi huchoka mapema, miaka 3 hadi 5 tu. Ndiyo maana tunashauri mota isage mchana, umeme ukitoka moja kwa moja kwenye paneli. (Siku ya mawingu, foleni itakuwa ndefu.) Betri ndogo ibaki ya taa na ya kuchaji simu. Pesa za kuchaji mweka hazina aziweke kando: ndizo zitanunua betri nyingine.