Tangazo la Biashara Lililotengenezwa kwa Mchezo wa Kompyuta: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Tuchukue mfano wa mwenye nyumba ya wageni mjini Kilindoni, kisiwani Mafia. Msimu wa kuwatazama papa potwe unakaribia, naye anataka tangazo la video. Kijana mmoja anamwahidi kulitengeneza bila mashua wala kamera ya chini ya maji: ataucheza mchezo wa kompyuta wenye mandhari ya bahari, atarekodi yanayoonekana kwenye skrini, kisha ataongeza sauti. Bei ni nafuu. Je, tangazo hilo ni halali?

Machinima ni nini?
Ni filamu inayotengenezwa kwa kutumia mandhari na wahusika wa mchezo wa kompyuta. Mfano mashuhuri ni Red vs. Blue, mfululizo ulioanza mwaka 2003 nchini Marekani kwa kutumia mchezo wa Halo.

Nani mwenye haki?
Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi tangu inapobuniwa, pasipo sharti la kuisajili. Programu za kompyuta, picha na muziki ni miongoni mwa kazi hizo. Michezo ya ng'ambo nayo inalindwa, kwa kuwa Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994.

Kwa hiyo, anayenunua mchezo hununua ruhusa ya kuucheza, si picha zake. Hadithi na maneno aliyotunga kijana yule ni yake; bahari na samaki wa kwenye mchezo ni mali ya kampuni.

Baadhi ya kampuni hutoa ruhusa yenye mipaka. Microsoft, mmiliki wa Halo, huwaruhusu mashabiki kutengeneza video zisizo za biashara, na kupata mapato ya matangazo yanayowekwa na YouTube. Ruhusa ya namna hiyo haimfikii mwenye nyumba ya wageni anayetangaza vyumba vyake.

Kabla ya kulipa
1. Uliza jina la mchezo, na usome masharti ya mmiliki kuhusu matumizi ya kibiashara.
2. Masharti yasiporuhusu, ipatikane ridhaa ya maandishi. Kimya si ridhaa, na kumtaja mmiliki mwishoni mwa video hakutoshi.
3. Chunguza muziki. Nyimbo zilizomo katika mchezo huenda ni za watu wengine, nazo huhitaji ruhusa ya pekee.
4. Andikeni mkataba unaoeleza nani atamiliki video, na kwamba fedha zitarudishwa endapo itaondolewa kwa kukiuka hakimiliki. Kumbuka kuwa tangazo lina jina lako. Malalamiko yatakufikia wewe pia.
5. Usimpotoshe mgeni. Eleza wazi kuwa picha ni za kompyuta, asije akadhani ndiyo bahari atakayoikuta.

Njia iliyo salama zaidi
Programu ya Blender hupatikana bure, na picha unazozibuni humo mwenyewe ni zako, hata kwa biashara. Ukipendelea kurekodi papa potwe halisi, ulizia kwanza vibali vinavyohitajika.

Kwa ushauri kuhusu hakimiliki, wasiliana na COSOTA kabla ya tangazo kurushwa. Kuuliza mapema ni nafuu kuliko kulipa fidia.