Ngano, Kisakale, Kumbukumbu au Riwaya? Istilahi za Msingi za Fasihi na Uzito wa Kuziteua

Makala haya yanafafanua istilahi za msingi za fasihi ambazo mwanafunzi hukutana nazo kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Kwa kawaida istilahi hizo hufundishwa katika orodha: neno, fasili, mfano. Hapa tunafuata njia nyingine. Tunachukua tukio moja lililotokea chini ya Mlima Meru na kutazama linavyobadilika jina kadiri linavyobadilika umbo.

Tuseme mwanafunzi wa Arusha ametumwa na mwalimu wake akusanye “ngano” kutoka kwa wazee. Bibi yake, aliyezaliwa Engare Nanyuki, anamsimulia jinsi familia yake ilivyohamishwa kwa nguvu alipokuwa mtoto mdogo. Mwanafunzi anaandika kila neno kwa uaminifu, kisha juu ya ukurasa anaweka kichwa: “Ngano ya Engare Nanyuki”. Je, neno hilo ni sahihi? Si sahihi, na kosa lenyewe ni zito kuliko kosa la tahajia.

Tukio lenyewe

Engare Nanyuki ni eneo lililo kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru. Jina lake ni la Kimaasai na lina maana ya maji mekundu. Mwezi Novemba mwaka 1951, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa huko Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Nyumba ziliteketezwa na mifugo ikaswagwa. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Wameru waliamua kupeleka malalamiko yao huko. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama New York na kuwasemea watu wake. Aliyemsaidia katika shauri hilo alikuwa Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi.

Haya ndiyo mambo yaliyotokea. Sasa tuyapitishe katika tanzu.

Ngano

Ngano (ngeli ya i-/zi-) ni hadithi ya kubuni ya fasihi simulizi, inayosimuliwa ili kuburudisha na kuadilisha. Wahusika wake huweza kuwa wanyama, mazimwi, miti au watu wasio na majina halisi. Wakati wake haujulikani: “hapo zamani za kale” ni wakati usioweza kutafutwa katika kalenda. Mwanzo wake maalumu, kama vile “Paukwa!” na jibu lake “Pakawa!”, ni mapatano kati ya msimulizi na wasikilizaji kwamba kinachofuata ni cha kubuni, na kwamba hakuna atakayeuliza ushahidi. Msomaji asichanganye neno hili na ngano ya nafaka. Maneno hayo yanafanana kwa umbo tu.

Masimulizi ya bibi yana mwaka, yana mahali, yana majina ya watu, na yana shahidi aliyeona kwa macho yake. Kuyaita ngano ni kumwambia bibi kwamba nyumba ya baba yake haikuungua.

Salua na vipera vyake

Katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi alizitenga hadithi katika makundi mawili makubwa: hadithi za kubuni, na hadithi za kihistoria alizoziita salua. Mpaka huo ndio mwanafunzi wetu aliouvuka bila kujua. Vipera vitatu vya salua vinamhusu moja kwa moja.

Kumbukumbu ni masimulizi ya mambo muhimu yaliyompata msimulizi mwenyewe au jamii yake. Hili ndilo jina la masimulizi ya bibi. Kumbukumbu huweza kukosea. Mzee huweza kusahau mwezi au kuongeza idadi ya ng’ombe. Hata hivyo msimulizi wake anadai kusema kweli, na msikilizaji ana haki ya kumwuliza maswali.

Kisakale (ki-/vi-) ni masimulizi ya kale kuhusu mashujaa, koo au mataifa, yenye kiini cha historia kilichopambwa kwa ubunifu. Masimulizi ya Wameru yanayosema kuwa baadhi ya mababu zao walitoka upande wa Usambara yana sura ya kisakale. Wakati huohuo, lugha ya Kimeru inakaribiana sana na Kichaga cha Machame. Mwanahistoria hupima ushahidi huo wote pamoja. Hakitupi kisakale, wala hakipokei chote kama kilivyo. Katika vitabu vya Kenya, ambavyo wanafunzi wa Arusha huvipata kwa urahisi, kipera hiki huitwa mighani au migani. Mfasiri achague istilahi moja na kuishika hadi mwisho wa kazi yake.

Kisasili (ki-/vi-) ni masimulizi yanayoeleza asili ya ulimwengu, ya viumbe au ya desturi, na ambayo jamii husika huyapokea kuwa kweli, mara nyingi kweli takatifu. Masimulizi yanayoeleza namna mlima ulivyopata kuwapo ni kisasili. Maelezo ya wanajiolojia kwamba Meru ni volkano ambayo upande wake wa mashariki uliporomoka si kisasili. Hayo ni maelezo ya kisayansi. Mwanafunzi anaweza kuyaheshimu yote mawili bila kuyaita kwa jina moja.

Kutoka mdomoni hadi kitabuni

Tukio la Engare Nanyuki liliingia pia katika maandishi, na hapa ndipo tofauti ya istilahi inapoonekana wazi kabisa. Mwaka 1967 Kirilo Japhet na Earle Seaton walichapisha kitabu *The Meru Land Case*. Hicho ni kitabu cha historia na ushahidi, kilichoandikwa na watu walioshiriki katika shauri lenyewe. Mwaka 1974 Ismael Mbise alichapisha *Blood on Our Land*. Hicho ni riwaya.

Riwaya (i-/zi-) ni hadithi ndefu ya kubuni iliyoandikwa kwa nathari, yenye msuko wa matukio, wahusika wengi na mandhari mapana. Hadithi fupi hushughulikia tukio moja au machache na wahusika wachache. Riwaya inaweza kujengwa juu ya mambo yaliyotokea kweli, lakini mwandishi wake ana uhuru ambao shahidi hana: anaweza kuingia ndani ya moyo wa mhusika, kutunga mazungumzo ambayo hakuna aliyeyasikia, na kupanga matukio kwa namna inayoidhihirisha dhamira yake. Msomaji anayetaka kujua nini kilisemwa New York akitafute kitabu cha 1967. Anayetaka kuhisi uzito wa kuhamishwa asome riwaya ya 1974. Kila kitabu kina ukweli wake, na istilahi ndiyo inayotuonyesha ni ukweli wa namna gani.

Tukio hilohilo likigeuzwa kuwa mazungumzo na matendo ya kuonyeshwa jukwaani, litakuwa tamthiliya (Kenya huandikwa tamthilia). Humo mambo mengi tutayajua kwa kuwasikia na kuwaona wahusika wenyewe. Maelekezo ya jukwaani huandikwa kwa ajili ya waigizaji na hayasemwi mbele ya watazamaji.

Shairi: ubeti mmoja na sehemu zake

Ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya:

Mlima umesimama, wavaa wingu shingoni,
Ng’ombe wamekwisha hama, hawamo tena bondeni,
Bibi, huku akihema, asimulia jikoni:
“Yote niliyoyasema, si maneno ya kubuni.”

Ubeti (wingi wake ni beti, “mabeti” si sahihi) ni fungu la mishororo. Mshororo ni mstari mmoja wa shairi. Ubeti huu una mishororo minne, kwa hiyo ni wa tarbia. Kila mshororo umegawanyika katika vipande viwili, na kila kipande kina mizani 8. Mshororo mzima una mizani 16. Mizani ni hesabu ya silabi. Wanafunzi wengi hukosea katika neno kama “mlima”: m- ya mwanzo ni silabi kamili, hivyo neno lina silabi tatu, m-li-ma. Kinyume chake, “ng’ombe” lina silabi mbili tu, ng’o-mbe.

Vina ni silabi zinazofanana mahali maalumu katika mishororo. Umoja wake ni kina. Hapa kina cha kati ni -ma na cha mwisho ni -ni. Mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti huitwa kibwagizo. Kwa kuwa tuna ubeti mmoja tu, hatuwezi kudai kwamba mshororo wa nne ni kibwagizo.

Anayesema ndani ya shairi huitwa nafsineni. Katika mishororo mitatu ya kwanza anasema mtu anayemtazama bibi, labda mjukuu wake. Katika wa nne tunasikia sauti ya bibi mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mtunzi. Katika hadithi, sauti hiyo huitwa msimulizi, naye vilevile asichanganywe na mwandishi.

Tamathali za semi

Mlima “wavaa” kama binadamu: hiyo ni tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho mtu sifa au matendo ya mtu. Tukisema “wingu limeufunika mlima kama shuka”, tumelinganisha vitu viwili kwa kutumia kiunganishi. Hiyo ni tashbihi. Tukisema “wingu ni shuka la mlima”, kiunganishi kimeondoka na kitu kimoja kimegeuka kuwa kingine. Hiyo ni sitiari. Maneno kama, mithili ya, mfano wa na sawa na humsaidia mwanafunzi kuitambua tashbihi, lakini asitegemee neno peke yake. “Alifika kama saa nne” ni makadirio; hakuna tamathali hapo.

Fani, maudhui na dhamira

Fani ni namna kazi ilivyosemwa: muundo, mtindo, lugha, wahusika na mandhari. Maudhui ni yale yote yanayosemwa. Dhamira ni sehemu ya maudhui: ni wazo kuu linalojadiliwa, kama vile haki ya ardhi. Ujumbe ni funzo analolipata msomaji kutokana na dhamira hiyo. Katika mtihani, sentensi “dhamira ya kazi hii ni Kirilo Japhet” haikubaliki, kwa kuwa mtu si dhamira. Andika: “Dhamira kuu ni haki ya wenyeji juu ya ardhi yao.”

Kurudi kwenye daftari

Mwanafunzi wetu afute neno moja tu na kuandika “Kumbukumbu za Engare Nanyuki, 1951”. Chini yake aweke jina la msimulizi, kwa ruhusa yake, pamoja na mahali na tarehe aliyosimuliwa. Akitaka baadaye kuligeuza tukio hilo kuwa shairi au hadithi fupi, ana uhuru huo, mradi aandike juu yake jina la utanzu alioutunga.

Kabla ya kulipa simulizi lolote jina, jiulize maswali matatu: Je, msimulizi anadai kwamba jambo hili lilitokea? Je, wakati na mahali vinaweza kutajwa? Je, nina haki ya kuuliza ushahidi? Ukijibu ndiyo kwa yote matatu, neno ngano halifai.