Picha Nyeusi na Nyeupe Ufukoni mwa Ziwa Nakuru

Tangu miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamepanda, yakafunika sehemu kubwa ya ufuko wa magadi na kuacha miti mikavu imesimama majini. Mwenye kamera ya filamu aweza kuwahifadhia watoto wake sura ya mahali hapo, lakini yampasa kujua kwamba filamu nyeusi na nyeupe haina rangi. Huonyesha mwanga na kivuli tu.

Kwa hiyo waridi wa heroe na buluu ya mbingu huweza kutoka kijivu sawasawa. Dawa yake ni kufunika lenzi kwa kichujio chekundu: mbingu huwa nyeusi, mawingu yakang'aa, na ndege wakawa weupe. Kichujio hicho hupunguza mwanga mara 8 hivi. Basi lenzi sharti ikae wazi muda mrefu zaidi, na kamera iwekwe juu ya kisimamio. Wakati bora ni asubuhi mapema au jioni, vivuli vikiwa virefu.

Filamu husafishwa gizani, kwa dawa yenye joto la nyuzi 20. Joto likizidi, weupe hukaza na mawingu hupotea. Wakati wa kuchapa, kinga ufuko kwa mkono, mbingu ipate mwanga zaidi wa taa na kuzidi giza.

Mwisho, osha kwa maji mengi safi. Dawa ikibaki, picha hugeuka manjano na kufifia, na ufuko ulioupiga huenda umekwisha kufunikwa na maji.