Neno "Mkimbizi" katika Maombi ya Ufadhili wa Masomo

Katika Kiswahili cha kila siku, mkimbizi ni yeyote aliyekimbia kwao. Huko Lushebere, eneo la Masisi, Kivu ya Kaskazini, ambako familia nyingi zilizokimbia vita zilipata kujihifadhi kambini, neno hilo halimtengi aliyevuka mpaka na asiyevuka. Sheria huwatenga. Kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa 1951, mkimbizi ni aliye nje ya nchi yake. Yule aitwaye "mkimbizi wa ndani" hamo.

Tofauti hiyo humgusa mwanafunzi. Mpango wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na kusimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, hugharimia shahada ya kwanza ya wakimbizi katika nchi zilizowapokea, Uganda ikiwa mojawapo. Hivyo, kati ya ndugu wawili wenye diploma ya serikali, aliyeko Uganda huweza kuomba, lakini aliyebaki Lushebere hawezi.

Yafaa basi mfasiri wa matangazo ya ufadhili aongeze maneno "aliye nje ya nchi yake", ili mwombaji asipoteze muda na nauli kwa ombi lisilopokelewa.